Mwanasesere Mweusi Aliyepewa Ufagio

Maswali ya wasomaji

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na zote zinahusu wanasesere, au pupe, kama sisi wa huku tulivyozoea kuwaita. Ya kwanza ni ndefu, na nimeona afadhali niipe nafasi yake yote.

SWALI: Mama mpendwa, mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kamalondo. Kitinda mimba wangu ni msichana wa miaka mitano. Noeli iliyopita mjomba wake anayekaa Ubelgiji alimletea pupe mweupe mwenye nywele za manjano zinazofika kiunoni, ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki, pamoja na gauni la arusi, viatu na kitana kidogo. Mtoto alimpenda mno, hata akawa analala naye. Baada ya muda nikaanza kumwona akijifunga taulo kichwani na kulirusha nyuma ya mabega, akisema kwamba hizo ndizo nywele zake. Nikaingiwa na wasiwasi. Nilikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nikazunguka karibu asubuhi nzima mpaka nikapata pupe mweusi, aliyebanwa na wenzake sita katika mfuko wa nailoni, amevaa kijigauni ambacho kilichanika siku ya pili. Nilidhani tatizo limekwisha. Juzi nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo, uani nikamsikia akicheza: yule mweupe alikuwa madamu anayejitayarisha kwenda arusini, na yule mweusi alikuwa ameshikishwa kijiti ili afagie. Mtoto akamwambia, "Fagia mbio, madamu anachelewa." Niliacha mchi nikaingia ndani kulia. Mume wangu anasema nimepoteza faranga bure. Mama yangu, nkambo wa watoto, anacheka na kusema kwamba wao walicheza na magunzi ya mahindi na hakuna aliyeharibika. Je, nimtupe yule mweupe? Na je, kosa ni langu?

JIBU: Mama wa Kamalondo, nakusalimu wewe na nkambo pia, ambaye nitamrudia baadaye kwa sababu hoja yake si ya kuchekwa. Usimtupe pupe wa mjomba. Mtoto wa miaka mitano akiamka na kukuta kipenzi chake hakipo, hatajifunza kwamba ngozi yake ni nzuri. Atajifunza kwamba vitu vizuri hunyang'anywa, na anaweza hata kumchukia yule mweusi kwa kudhani kwamba ndiye aliyemfukuza mwenzake.

Naomba tuisome tena barua yako, maana sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe. Mweupe alifika ndani ya boksi, na gauni la arusi, na viatu, na kitana. Mweusi alifika katika mfuko wa nailoni, amebanwa na wenzake sita, na kijigauni cha siku mbili. Mimi mtu mzima mwenye miwani, ningepewa wanasesere hao wawili nikaambiwa niwagawie kazi, huenda nami ningempeleka arusini mwenye gauni na kumwachia ufagio aliyevaa matambara. Mtoto wako alisoma nguo. Kama alisoma na rangi pia, mchezo huo peke yake hauwezi kutuambia, kwa kuwa mambo mawili yamechanganyika.

Waliolichunguza jambo hili kwa makini walijihadhari na mchanganyiko wa namna hiyo. Kenneth Clark na mkewe Mamie, wanasaikolojia Weusi wa Marekani, waliwawekea watoto Weusi 253, wenye umri wa miaka mitatu hadi saba, wanasesere wanne waliolingana kwa kila kitu, wote wakiwa na nepi tu: wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi na wawili weupe wenye nywele za manjano. Kila mtoto aliombwa ampe mchunguzi mwanasesere anayependa kucheza naye, kisha aliye mzuri, kisha anayeonekana mbaya, na mwishoni anayefanana naye mwenyewe. Karibu theluthi mbili walimtaka mweupe wa kucheza naye, na zaidi ya nusu walimnyooshea kidole wa kahawia kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Walikuwapo watoto waliolia, au waliotoka chumbani mbio, walipofikia swali la mwisho, kwa sababu walikuwa wamekwisha kumwita mbaya yule ambaye sasa walitakiwa kukiri kwamba anafanana nao. Kazi hiyo iliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilikuja kutumika katika kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 17 Mei 1954 iliamua kwa kauli moja kwamba kuwatenga watoto katika shule za umma kwa sababu ya rangi ni kuvunja katiba.

Kuna jambo katika uchunguzi ule ambalo wengi hulipita haraka. Nusu ya watoto hao, au zaidi kidogo, walisoma Arkansas katika shule za Weusi peke yao, na waliobaki walisoma Massachusetts pamoja na Wazungu. Na ni hao wa Massachusetts waliomchagua mweupe mara nyingi zaidi. Binti yako hayuko Arkansas wala Massachusetts. Mwalimu wake ni Mweusi, na daktari, na padri, na dereva wa basi, na polisi anayemsumbua huyo dereva. Hiyo ni ngao ambayo watoto wale hawakuwa nayo, na ndiyo sababu sipendi kuyahamisha matokeo ya Marekani na kuyapandikiza Kamalondo kama yalivyo. Hata hivyo mtoto huyo alijifunga taulo kichwani. Basi upepo umepenya wapi?

Mara nyingi umepenya vinywani mwetu. Mgeni anaingia sebuleni, watoto wawili wanakuja kumwamkia, na kabla hajakaa anasema, "Huyu mweupe amechukua kwa nani? Huyu ni mzuri," huku mwenzake amesimama palepale anasikia. Tunamsuka mtoto siku ya Jumamosi, tumembana katikati ya magoti, na kila kitana kinapokwama tunalalamika kwamba nywele zake ni ngumu kama msitu, kwamba zinatuchosha mikono, kwamba angekuwa na nywele laini za fulani tungekwisha kumaliza. Juu ya meza ya kujipambia pana kopo la mafuta ya kujichubua, na mtoto anajua vizuri kabisa ni la kazi gani. Jioni televisheni inaonyesha tamthilia za mbali ambamo mwenye nyumba na mtumishi wanatambulika hata kabla hawajafungua midomo. Sisemi kwamba haya yote yako nyumbani kwako. Nasema kwamba watoto huanza kuwapanga watu kwa rangi tangu umri wa miaka mitatu au minne, na kwamba kazi hiyo ya kupanga wanaifanya kwa vifaa tunavyowapa sisi.

Hapo ndipo ninapouona umuhimu wa mwanasesere, na nakiri kwamba sikuuona zamani. Nilidhani kazi yake ni kuwa kioo: mtoto amwone anayefanana naye, afurahi, na mambo yaishe. Siku hizi namwona zaidi kama sikio. Mtoto husema na pupe wake maneno ambayo hatakuambia wewe, na maneno hayo, mara nyingi, ni yetu. Niliwahi kukaa nyuma ya mlango nikamsikia mjukuu wangu akimsuka mwanasesere wake huku akimfokea, "Tulia! Nywele yako inanimaliza nguvu!" Ilikuwa sauti yangu tupu, hata kile kikohozi changu cha mwisho wa sentensi kilikuwamo. Tangu siku hiyo, nikimsuka huyo mtoto ninahesabu mistari pamoja naye kwa sauti, na yeye anamhesabia pupe wake.

Sasa nkambo na magunzi yake. Ana haki, na tena ana haki kuliko anavyodhani. Gunzi la hindi bichi lenye ndevu zake lilikuwa na nywele za manjano, au za rangi ya shaba, laini, zinazosukika, na bado hakuna msichana wa wakati ule aliyelitazama akatamani kuwa Mzungu. Kwa nini? Kwa sababu hindi lilitoka katika shamba la mama yake, lilibebwa mgongoni kwa kipande cha kitenge cha nyumbani, likapewa jina la shangazi na kunyamazishwa kwa wimbo wa nyumbani. Lilikuwa mtoto wa ukoo. Pupe wa boksi anakuja na maisha yake yamekwisha kupangwa. Muulize nkambo gunzi lake aliliita nani. Nadhani hajasahau.

Na asije mtu akakuambia kwamba mtoto wa kuchezea ni jambo la Kizungu. Wazaramo wa pwani ya Tanzania wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa kilichochongwa pamoja na mtindo wa nywele, ambacho mwali alikaa nacho ndani na kukitunza kama mwanawe. Kule Ghana, wanawake wa Asante waliotafuta mtoto walibeba mgongoni akua'ba, mwenye kichwa kipana cha duara kama sahani, ambacho kwao ndicho sura ya uzuri. Katika vinyago hivyo vyote viwili, paji la uso na nywele ni zile ambazo wenyewe waliziona nzuri, wala hazikukopwa popote.

Viwanda vilichelewa sana kulielewa hilo. Kwa miaka mingi mwanasesere mweusi wa dukani alikuwa ni yuleyule mweupe, aliyetolewa katika kalibu ileile, pua ileile, midomo ileile, kisha akamwagiwa rangi ya kahawia. Na ukimtazama huyo wa mfuko wa nailoni huenda ukakuta ndivyo alivyo. Mwaka 1968, mjini Los Angeles, miaka mitatu baada ya ghasia za mtaa wa Watts, Wamarekani Weusi walianzisha kiwanda cha wanasesere wakakipa jina la Kiswahili, Shindana, na mwanasesere wao wa kwanza, Baby Nancy, alichongewa sura yake mwenyewe badala ya kupakwa rangi juu ya sura ya mwingine. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983. Huwa nafurahi kuwakumbusha watu kwamba neno letu lilibandikwa juu ya maboksi ya wanasesere huko Marekani wakati sisi hapa tulikuwa tukiwanunua wenye macho ya buluu. Barbie mwenyewe alichelewa zaidi: kampuni inayomtengeneza, Mattel, ilimpa rafiki Mweusi, Christie, mwaka huohuo wa 1968, lakini Mweusi mwenye jina hilo la Barbie alitoka mwaka 1980, akiwa amebuniwa na mwanamke Mweusi, Kitty Black Perkins. Nigeria ilisubiri mpaka mwaka 2007, Taofick Okoya alipoanzisha Queens of Africa, wanasesere wanaovaa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba.

Basi ufanye nini? Chukua kitenge ulichokivaa wewe mwenyewe siku ya Jumapili, kile ambacho mtoto anakijua, umwombe fundi wako vipande vilivyobaki, umshonee pupe mweusi libaya, yaani blauzi, na kitenge cha kujifunga, na kilemba kama utaweza. Mshonee na mweupe kwa kitambaa hichohicho. Wakishavaa sare, kaa chini mkekani ucheze naye, bila hotuba na bila kumkemea kwa yale ya ufagio, kwa sababu akikemewa ataendelea na mchezo uleule pale usipomsikia. Muulize tu, "Huyu leo anakwenda wapi?" Akisema anafagia, muulize ni nyumba ya nani, na akimaliza kufagia atafanya nini. Hukuniambia kama nyumbani kuna msichana wa kazi. Kama yupo, inawezekana kabisa kwamba mtoto anaigiza anachokiona kila asubuhi, na hapo swali si la pupe tena, ni la namna huyo msichana anavyosemeshwa.

Kuhusu kosa: mama aliyezunguka soko la Kenya asubuhi nzima simwoni wa kulaumiwa. Mwambie tu baba wa watoto kwamba faranga hazikupotea, maana bila pupe huyo usingalisikia ulichokisikia.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Anachukua pupe mweusi wa dada yake, anajifunga naye mgongoni kwa kitenge cha mama yake na kuzunguka naye uwanja mzima. Ndugu zangu wananicheka, wanasema ninalea msichana. Nimkataze? Baba, Katuba.

JIBU: Baba, usimkataze. Anamwigiza mtu anayembeba yeye, na katika umri huo hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Ndugu zako waulize kama wao hawakubebwa. Tena tunasahau kwamba mvulana naye anajenga picha ya uzuri ni upi, na kwamba huyu anayembembeleza leo mtoto mweusi mwenye nywele za kipilipili ndiye atakayekuja kumtazama mke, na binti, na dada zake. Wanasesere wa kiume Weusi ni adimu sokoni. Kama mwanao ana gari la waya, mtengenezee dereva wa kitambaa cha kahawia mwenye shati na kofia. Nimeona watoto waliokataa kulisukuma gari mpaka dereva apande kwanza.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea Ruashi. Nina watoto arobaini na watatu na pupe watatu, wote weupe, mmoja hana mkono. Ningependa tutengeneze wetu weusi, lakini wazazi hawana uwezo wa kuchanga. Zaidi ya hayo, darasani nina msichana mwenye ualbino, na ninaogopa kwamba nikileta weusi tu, yeye ataona kwamba sasa ametolewa. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, swali lako la pili limenifanya nisome barua yako mara mbili. Ni kweli, pupe weusi wa rangi moja tu wanaweza kumfungia mlango mtoto huyo, na si yeye peke yake. Watazame watoto wako arobaini na watatu wakiwa wamepanga mstari: utaona rangi ya kahawa kavu, ya karanga iliyokaangwa, ya udongo mwekundu wa barabara ya Ruashi, na yake. Tafuta vitambaa vinne au vitano vya rangi zinazopishana hivyo. Si lazima wazazi wachange fedha: mafundi cherehani hutupa au huuza kwa bei ndogo sana mabaki ya vitambaa, na mabaki hayohayo yakikatwa vipande vidogo ndiyo ya kujazia tumbo.

Wa ualbino mtengenezee kwa kitambaa cheupe chenye unjano kidogo, nywele za uzi wa rangi ya mchanga zilizosukwa sawasawa na za wenzake, kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu, kwa sababu ndivyo msichana mwenyewe anavyopaswa kuvaa juani. Usimkabidhi yeye mbele ya darasa. Mweke kikapuni pamoja na wengine, uwaache watoto wamchukue. Wakiuliza kwa nini amevaa kofia, umepata somo la ngozi na jua la dakika tano, na msichana huyo atakuwa anasikiliza kama wenzake badala ya kuwa yeye ndiye somo.

Kuhusu ushonaji, ukubwa wa pupe uwe kama mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ili mtoto aweze kumbeba mgongoni. Macho na mdomo vidariziwe kwa uzi. Usitumie vifungo wala shanga, kwa kuwa watoto wadogo huving'oa na kuvimeza. Pua nayo idariziwe kwa upana wake. Mishono ya shingo na mabega ipitishwe mara mbili, maana hapo ndipo watakapomkamata wakigombana. Nywele ndizo zitakazokuchukua muda mrefu zaidi, na hapo nakuomba usifanye haraka: usibandike kichwani kipande kizima cha sufu nyeusi, bali shona uzi mmoja mmoja kwa mistari, ukianza na mstari wa katikati ya kichwa, ili watoto waweze kuchambua njia na kusuka kama wanavyosukwa wao. Acha kila uzi uwe na urefu wa shibiri moja, kwa sababu mfupi kuliko huo huponyoka katika vidole vya mtoto wa miaka minne kabla hajafika kwenye fundo la tatu.